Shaba ikiondoka, pete zinabaki zimeshikana

KANIAMA – Reli inayopita hapa kwetu imekaribia miaka mia moja. Kipande cha kutoka Bukama hadi Ilebo, mji ambao Wabelgiji waliuita Port-Francqui, kilimalizika mwaka 1928. Wazee bado wanasema BCK, ijapokuwa leo ni SNCC. Kwa njia hiyo shaba ya Katanga ilisafiri kwenda kaskazini: Kamina, Kaniama, Luputa, Mwene-Ditu, Kananga, kisha Ilebo, ambako ilipakiwa kwenye majahazi ya mto hadi Kinshasa, halafu reli tena hadi Matadi na bahari. Wakaaji wa Kaniama waliiona ikipita. Haikushuka hapa.

Kwa reli hiyohiyo walipita watu. Mwaka 1992 na 1993, wakati wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga, walilala majuma mengi kwenye gare wakingoja treni za kuwapeleka upande wa Mwene-Ditu. Wengi hawakufika. Mwaka 2016 na 2017 vita vya Kamuina Nsapu viliwasha Kasai yote, watu zaidi ya milioni moja wakaacha makwao, na safari hii wako waliofuata reli kwa kushuka kusini. Kwa hiyo ukiuliza hapa mjini ni nani mgeni na ni nani mwenyeji, utakaa siku nzima na hutapata jibu moja.

Mwalimu mmoja wa kemia hapa ni mtoto wa treni hizo. Alizaliwa Likasi, akapita Kaniama akiwa mgongoni mwa mama yake, akasomea Mwene-Ditu, akarudi kuoa Kaniama. Ameomba jina lake lisitajwe, kwa sababu, asema, kinachostahili kuandikwa ni somo, si yeye. Na somo lenyewe ni hili: namna gani vitu viwili vinaweza kushikana bila gundi, bila msumari, bila mshono, na visiachane tena.

Katika kemia ya kawaida, ile inayofundishwa kwa mwaka wa tano na wa sita, atomu hushikana kwa bondi. Ukitaka kutenganisha vitu viwili, unavunja bondi iliyo kati yao. Lakini fikiria pete mbili za mnyororo wa baiskeli, au wa mbwa. Pete ya kwanza haikuchomelewa kwenye pete ya pili. Hakuna kitu chochote kati yao isipokuwa hewa. Hata hivyo huwezi kuzitenga mpaka ukate mojawapo. Wanakemia walijiuliza tangu zamani: je, molekuli mbili zenye umbo la pete zinaweza kufanywa hivyo, moja ndani ya nyingine? Molekuli hizo zimepewa jina la katenani, kutokana na neno la Kilatini la mnyororo.

Shida ni kwamba molekuli haishikwi kwa vidole. Mwaka 1960, huko Marekani, Edel Wasserman alijaribu kwa njia ya bahati. Alifunga nyuzi ndefu za molekuli ziwe pete mahali palipokuwa na pete nyingine tayari, akitumaini kwamba uzi mmojammoja ungekuwa umepita ndani ya pete wakati wa kufungwa. Ilitokea, lakini mara chache sana, chini ya moja kwa mia. Ni sawa na mtu kutupa kamba gizani kuelekea kundi la mbuzi, akategemea kumfunga mmoja shingoni. Siku moja atampata. Lakini huwezi kulisha familia kwa kazi ya namna hiyo, na huwezi kujenga kemia juu yake.

Zaidi ya miaka ishirini ilipita. Kisha, mwaka 1983, katika mji wa Strasbourg nchini Ufaransa, Jean-Pierre Sauvage na mwenzake Christiane Dietrich-Buchecker walipata njia. Na kitu kilichowafungulia mlango kilikuwa shaba.

Hapo ndipo mwalimu huyu anaposimamisha darasa lake. Anataka wanafunzi wasikie neno hilo vizuri. Shaba! Si platini, si dhahabu, si madini ya ajabu kutoka nchi za mbali. Ni shaba, ile iliyopita hapa mbele ya nyumba za nyanya zao.

Sauvage hakuwa anatafuta minyororo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi mwanga wa jua unavyoweza kuendesha mabadiliko ya kemia, na kwa ajili hiyo alikuwa akitengeneza molekuli zenye shaba katikati. Siku moja alipoangalia mchoro wa molekuli mojawapo akaona kitu ambacho wengine wangepita juu yake. Molekuli zinazoitwa fenantrolini zina umbo la mwezi mwandamo, na ndani ya mkunjo wake zina atomu mbili za nitrojeni zinazopenda kushika shaba. Atomu ya shaba iliyopoteza elektroni moja hupenda kushikwa mahali pane, na pande hizo nne hazikai bapa kama miguu ya meza, bali zimetawanyika kila upande. Kwa hiyo shaba moja huwaita miezi miwili. Mmoja unaikumbatia kutoka kushoto, mwingine kutoka kulia, na kwa sababu ya zile pande nne lazima mmoja ulale na mwingine usimame. Inakuwa msalaba. Na ukitazama ncha za mwezi wa kwanza, utaona zimepita pande mbili za mgongo wa mwezi wa pili. Kilichobaki ni kufunga ncha.

Kwa kuwa shule haina maabara ya kuonyesha haya, mwalimu hutumia waya uliotolewa kwenye mota iliyoungua na bonge la bukari lililopoa. Bukari ndiyo shaba. Mwanafunzi mmoja anakunja waya uwe kama herufi U na kuubandika kwenye bonge kutoka kushoto, umelala. Mwingine anabandika wa kwake kutoka kulia, umesimama. Kisha kila mmoja anafunga ncha zake mwenyewe, bila kugusa za mwenzake. Halafu bonge linalowekwa ndani ya maji na kuoshwa lote. Wanafunzi wanapoinua waya wa kwanza, wa pili unaufuata. Mwaka huu, asema, darasa lilinyamaza kabisa kwa muda, kisha msichana wa benchi ya nyuma akauliza: “Mwalimu, nani aliziingiza?”

Swali hilo ni zuri kuliko mengi yaliyomo kwenye vitabu. Hakuna aliyeziingiza. Zilishikiliwa tu mahali panapofaa wakati wa kufungwa. Wanakemia huita kitu hicho kiolezo. Fundi anayejenga nyumba anakijua kwa jina jingine: ni zile mbao za kofraje zinazobeba zege mpaka likauke. Mbao si sehemu ya nyumba. Lakini bila mbao hakuna nyumba, na fundi asiyezitoa mwishoni hajamaliza kazi.

Kwa njia ya kwanza iliyotangazwa na watu wa Strasbourg, pete moja ilikuwa imekwisha kufungwa, na shaba ikavuta uzi wa pili upite ndani yake kabla haujafungwa. Walipata katenani 42 kwa kila mia. Kutoka chini ya moja hadi 42! Ndiyo maana Sauvage alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2016, pamoja na Fraser Stoddart, Mskoti aliyefanya kazi Marekani, na Ben Feringa wa Uholanzi. Dietrich-Buchecker, ambaye jina lake liko kwenye kazi ile ya 1983, hakuwamo kati ya watatu hao. Mwalimu hulitaja kila mara ubaoni, na wasichana wa darasa wanaliandika.

Baada ya hapo shaba inatolewa. Kuitoa si rahisi, kwa maana inapenda mahali ilipo. Kinachotumiwa ni sianidi, ambayo huikamata shaba kwa nguvu kuliko fenantrolini na kuondoka nayo. Akina mama wa Kaniama wanaijua sianidi bila kuijua jina. Ndiyo sumu iliyo katika mihogo michungu, ile inayowalazimu kuloweka siku tatu kabla ya kuanika na kutwanga. Mwenye haraka akiruka siku hizo, familia inaumia, na huko Bandundu na sehemu nyingine za nchi watoto na akina mama wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo kwa sababu ya mihogo isiyolowekwa vya kutosha. Basi sumu hiyohiyo, mikononi mwa mwanakemia mwenye uangalifu, ndiyo inayobomoa kofraje.

“Sasa shaba imepata nini?” aliuliza mvulana mmoja. Darasa likacheka, maana kila mtu alielewa kwamba haulizi juu ya kemia. Shaba ilifanya kazi yote, ikaondoka, na sifa zikabaki kwa pete. Mwalimu alicheka pia, lakini hakulikimbia swali. Aliwaambia kwamba mwaka 1994 watu wa Strasbourg walirudi kwa shaba wakiwa na kazi nyingine. Shaba iliyopoteza elektroni moja hupenda kushikwa mahali pane. Ikipoteza ya pili hupenda mahali pa tano. Walitengeneza katenani ambayo pete moja ina sehemu mbili tofauti za kuishikia shaba. Walipoiondolea shaba elektroni, pete iligeuka yenyewe ili kuitafutia nafasi yake mpya. Walipoirudishia, pete ilirudi. Hiyo ni moja ya mashine ndogo za kwanza duniani, na mtu aliyeiendesha usukani, kama unaweza kusema hivyo, ni shaba.

Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo shule zetu husahau. Minyororo ya shaba si kitu kipya katika mkoa huu. Pale Sanga, kwenye ziwa Kisale, katika Haut-Lomami yetu hii, wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958, na utafiti uliendelea miaka iliyofuata. Makaburi mengi ni ya watu walioishi kati ya karne ya 8 na ya 13. Ndani yake walikuta vyungu, bangili na minyororo ya shaba, na katika makaburi ya nyuma zaidi misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa. Shaba haichimbwi Kisale. Ilitembea kutoka kusini, mbali sana, karne nyingi kabla ya reli. Fundi wa wakati ule alichukua waya, akaukunja, akaupitisha ndani ya mwenzake, akaufunga. Alikuwa na vidole, hakuhitaji kiolezo. Lakini wazo la pete ndani ya pete, na kwamba kitu hicho kina nguvu na kina uzuri, lilikuwa mkononi mwake.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: vizuri, lakini familia iliyolala kwenye turubai inafaidika nini na pete za Strasbourg? Mwalimu mwenyewe alikuwa akijiuliza hivyo. Kisha akakutana na jina katika makala moja aliyopewa na rafiki kwenye simu, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Jina lilikuwa kalata.

Makala ilihusu molekuli ambazo si za maabara, bali za mimea, na ambazo zimejifunga fundo. Ya kwanza kujulikana kati yazo inaitwa kalata B1. Mwalimu, ambaye amekua kati ya Watshiluba, alijua kwamba neno hilo halikutoka Ulaya.

Habari yake ni hii. Mwaka 1960, nchi ilipopata uhuru na vurugu zikaanza, Msalaba Mwekundu ulituma madaktari Kongo. Mmoja wao, Lorents Gran kutoka Norwei, alifanya kazi Luluabourg, yaani Kananga ya leo, kwenye reli yetu hii. Aliona kwamba akina mama wanaokaribia kujifungua walikunywa maji ya mmea fulani uliochemshwa ili uchungu uende haraka. Waliuita kalata-kalata. Mmea wenyewe ni mdogo, wa ukoo mmoja na mbuni wa kahawa, na wanasayansi wanauita Oldenlandia affinis. Gran alichukua mmea akaenda nao kwao, na katika miaka ya 1970 akatangaza kwamba kitu kinachobana kizazi ndani yake ni kipande kidogo cha protini.

Wanakemia walishangaa kwa sababu moja: protini haivumilii kuchemshwa. Yai ukilichemsha haliwi tena yai bichi, na dawa nyingi za protini, kama insulini ya wenye kisukari, haziwezi kunywewa kama chai, kwa kuwa tumbo linazimeng'enya kama nyama. Sasa hawa akina mama wa Luluabourg walichemsha, wakanywa, na bado dawa ilifanya kazi. Kwa nini?

Jibu lilipatikana mwaka 1995, watafiti wa Norwei na Australia walipofaulu kuona umbo lake. Kalata B1 ni mnyororo wa asidi amino 29, lakini hauna mwanzo wala mwisho: ncha zake zimeungana zikawa pete. Kisha ndani ya pete kuna madaraja matatu ya salfa. Mawili yanaunda pete ndogo pamoja na sehemu za mnyororo, na la tatu linapita katikati ya pete hiyo ndogo, kama kamba inayopita ndani ya kitanzi. Si sawasawa na pete mbili za Sauvage, maana hapa yote ni mwili mmoja. Lakini sababu ya uimara ni ndugu yake. Moto hauwezi kuifumua kwa sababu hakuna ncha ya kuanzia kufumua. Vimeng'enya vya tumbo vinatafuta mahali pa kushika na kukosa. Ukikata madaraja ya salfa kwanza, basi inalegea na kuliwa kama protini nyingine.

Na mmea hufungaje fundo bila vidole? Nao hutumia kitu kinachoondoka. Kwanza hutengeneza mnyororo mrefu zaidi ya unaohitajika, wenye vipande vya ziada mbele na nyuma. Baadaye kimeng'enya kinakata vipande hivyo, na katika tendo lilelile la kukata kinaunganisha ncha mbili zilizobaki. Kinachotupwa hakionekani tena katika chai ya mama anayejifungua. Mmea haufanyi hivyo kwa ajili yetu. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba viwavi wanaolishwa kalata B1 hudumaa na kufa. Kwa mmea ni silaha ya kulinda majani yake.

Mwalimu aliposoma hayo alimwendea mama mzee wa familia moja iliyokimbia kutoka upande wa Kananga na kukaa mtaani kwake. Watoto wote wa mtaa wanamwita kambo, naye pia.

“Kambo, kalata-kalata unaijua?”

“Mwanangu, wewe ni mwanaume. Unaiulizia nini?”

Alimweleza kwamba imeandikwa katika vitabu vya Wazungu, kwamba ina umbo la fundo. Kambo alisikiliza. Akasema kwamba yeye hajawahi kuona fundo, ameona watoto tu. Na akakataa kumwonyesha jani.

Mtu anaweza kumwelewa. Katika makala zile kuna majina ya madaktari na maprofesa wa Oslo, Brisbane na Vienna. Vienna ni mahali ambapo, mwaka 2013, watafiti walionyesha kwamba ndugu mmoja wa kalata B1, aliye katika mmea huohuo, anashika mahali palepale ambapo oksitosini ya mwili wa mama hushika ili kubana kizazi. Wengine wamebadilisha asidi amino moja tu ya kalata B1 na kuijaribu kwa panya wenye ugonjwa unaofanana na ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi, wakiwapa kwa mdomo. Huenda siku moja itakuwa dawa ghali. Gran alifanya jambo la heshima kwa kubakiza jina ambalo akina mama walimpa; wengine wangeandika jina la mji wao wenyewe. Lakini jina la mwanamke hata mmoja wa Luluabourg aliyemwonyesha kikombe halikufika kwenye vitabu tulivyonavyo. Ni shaba tena, inapita gare na haishuki.

Lakini liko jambo ambalo haliwezi kungoja haki hiyo ipatikane, na ndilo lililomnyima mwalimu usingizi. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi minane.

Watu wengi hufikiri kwamba dawa ya majani ikichemshwa sana inapungua ukali. Kwa majani mengi ni kweli. Kwa kalata-kalata si kweli, na sasa tunajua kwa nini: fundo halifunguki kwa moto. Chungu kilichochemka saa nzima bado kina nguvu, na maji yakipungua nguvu inazidi katika kila kikombe. Hakuna mtu anayeweza kujua kwa macho kiasi kilichomo, kwa kuwa mmea mmoja hutofautiana na mwingine. Kizazi kikibanwa kwa nguvu kupita kiasi, bila kupumzika kati ya uchungu na uchungu, mtoto anakosa hewa, na mama, hasa aliyezaa mara nyingi au aliyepasuliwa zamani, anaweza kupasuka kizazi na kufa kwa damu. Molekuli za ukoo huu, zikiwa nyingi, zinaweza pia kupasua chembe nyekundu za damu.

Hatari kubwa zaidi ni kukutana kwa dawa mbili. Katika kituo cha afya mkunga anaweza kumpa mama oksitosini ya sindano ili kusaidia uchungu. Kama mama alikwisha kunywa kikombe nyumbani na hakusema, zinakuwa dawa mbili zinazovuta kamba moja. Mkunga anaona kizazi kinabana kupita kawaida na hajui chanzo. Mama anajua, lakini ananyamaza, kwa sababu anaogopa kugombezwa, au kwa sababu yeye ni mkimbizi na hataki kusemwa kwamba ni mtu wa majani. Na kosa hapo si la mama peke yake. Anayemcheka mgonjwa kwa sababu ya kikombe chake ndiye aliyemfundisha kunyamaza.

Mwalimu alirudi kwa kambo mara ya pili. Safari hii hakuuliza juu ya jani. Alimweleza juu ya chungu, kwamba moto hauipunguzi dawa, na juu ya sindano ya hospitali. Kambo alifikiri muda mrefu. Kisha akasema kwamba mama yake hakumpa mtu kikombe kabla mlango haujafunguka, na kwamba kwa mwanamke aliyepasuliwa hakutoa kamwe. Wa siku hizi, alisema, wanatoa tu, wanachuma njiani na kutoa. Mkewe mwalimu alijifungua kwenye kituo cha afya, mtoto wa kike, bila kikombe na bila sindano.

Tangu hapo kambo amekubali kuwasindikiza wajawazito wa mtaa hadi kituoni, nao wanaenda kwa sababu ni yeye anayewaambia waende. Akifika mlangoni anamtajia mkunga mambo matatu kabla hajaulizwa: mama amekunywa nini, amekunywa saa ngapi, na vikombe vingapi. Kama hakunywa chochote, analisema hilo pia.